Mrima: Tusiulize bei tu, tuulize yatatolewa vipi

Kila habari ya Mrima inapozuka, swali la kwanza barazani huwa ni moja: ni mabilioni mangapi? Mwaka 2013 kampuni iliyokuwa ikitafiti kilima hicho cha Kwale ilitaja makumi ya mabilioni ya dola, na tangu hapo hesabu hiyo haijatutoka vichwani. Sasa dunia imerudi kuyatafuta madini hayo kwa pupa. Mwezi wa Aprili 2025 Uchina iliweka masharti ya kuuza nje aina saba za madini adimu, na viwanda vya magari vya Ulaya na Marekani vikashtuka, kwani karibu asilimia 90 ya usafishaji wa madini haya duniani hufanyika Uchina. Wanunuzi wanatafuta mlango mwingine, na Mrima ni mmoja wa milango hiyo.

Ndugu msomaji, leo sitaki kuhesabu pesa ambazo hazijatoka ardhini. Nataka tuzungumze jambo ambalo ndilo litakaloamua hatima ya visima na mashamba yetu: madini haya hutolewa vipi, na je, kuna njia iliyo safi zaidi na isiyokula moto mwingi?

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Njia hizo zipo. Baadhi zimeshaanza kutumika, nyingi bado ziko kwenye majaribio, na hakuna hata moja inayoliondoa kabisa tatizo la mionzi. Kwa hivyo atakayekuja kuuomba mlima wetu hatupaswi kumuuliza bei peke yake. Tumuulize atapika nini, kwa moto gani, na chicha atamwaga wapi.

Ni madini gani haya?

Madini adimu ni kundi la elementi 17. Jina lenyewe linadanganya kidogo, kwa sababu si adimu kama dhahabu. Seriamu, mojawapo ya kundi hilo, imo ardhini kwa kiasi kinachokaribiana na shaba. Shida ni mbili. Kwanza yametawanyika, hukuti fungu kubwa pahali pamoja ila kwa nadra. Pili, hukaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja waliofanana sura na tabia, na kuwatenga mmoja mmoja ndiyo kazi nzito.

Yanayotafutwa zaidi ni manne. Neodimiamu na praseodimiamu hutengeneza sumaku ndogo zenye nguvu za ajabu. Disprosiamu na terbiamu huongezwa ili sumaku hiyo isipoteze nguvu inapopata joto. Sumaku hizo zimo ndani ya spika ya simu uliyoishika, ndani ya mota za magari ya umeme, ndani ya pikipiki za umeme ambazo siku hizi tunaziona mjini zikipita bila moshi wala kelele. Usione vyaelea, vimeundwa. Pikipiki haitoi moshi hapa, lakini moshi wake na sumu yake vinaweza kuwa vimeachwa katika kijiji cha mtu mwingine.

Njia ya zamani: moto, asidi na mafuta

Tuifuate safari ya jiwe tangu linapotoka ardhini.

Hatua ya kwanza ni kuchimba na kusaga. Jiwe husagwa kuwa unga, kisha unga huo huoshwa kwa maji na dawa ili chembe zenye madini zielee juu na nyengine zizame. Kinachobaki chini ni tope, na tope ndilo jingi kuliko chote.

Hatua ya pili ni kupika. Chembe zilizopatikana zimejifunga sana, hazitoi kitu mpaka zivunjwe. Katika mgodi wa Bayan Obo, kule Mongolia ya Ndani nchini Uchina, ulio mkubwa kuliko yote duniani, unga huchanganywa na asidi kali ya salfuriki na kuokwa katika tanuri kwa mamia ya nyuzi za joto. Hapo hutoka gesi kali, na hutoka pia maji yenye asidi yanayohitaji kusafishwa.

Hatua ya tatu ni kutenganisha. Hapa nitumie mfano wa jikoni. Ukitia mafuta na maji katika chupa moja ukaitikisa, kisha ukaiacha, mafuta hupanda juu na maji hukaa chini. Viwanda hutia madini yaliyoyeyuka kwenye maji, hutia mafuta yanayofanana na mafuta ya taa yenye dawa maalumu, halafu hukoroga. Elementi moja hupenda mafuta kidogo kuliko mwenziwe, basi nyingi yake hupanda juu. Lakini ni kidogo tu, kwa hivyo kazi hiyo lazima irudiwe tangi baada ya tangi, mara mamia. Kila mrudio una asidi yake, maji yake na taka yake.

Hatua ya nne ni kugeuza unga uliosafishwa kuwa metali. Unga hutiwa kwenye chumvi ya floraidi iliyoyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000, kisha umeme mwingi hupitishwa humo kwa vijiti vya kaboni. Metali huzama chini. Juu hutoka hewa ya ukaa, na kazi isiposimamiwa vizuri hutoka gesi nyengine zenye florini. Mojawapo ya gesi hizo, katika muda wa miaka 100, hunasa joto la dunia zaidi ya mara 6,000 kuliko hewa ya ukaa ya uzito huohuo.

Ndipo utaona kwamba umeme na joto haviliwi pahali pamoja. Kila hatua ina tanuri lake au pampu zake, na kila hatua ina chicha lake.

Waliotangulia walilipa nini

Karibu na mji wa Baotou, unakosafishwa mzigo wa Bayan Obo, liko ziwa la tope la kiwandani, si mbali na mto mkubwa wa Huang He. Kusini mwa nchi hiyohiyo, katika mkoa wa Jiangxi, madini adimu hayakufungwa ndani ya jiwe bali yamejishikiza kwenye udongo wa mfinyanzi. Huko wachimbaji walitoboa vilima na kumimina ndani chumvi ya amonia, aina ileile inayotumiwa kama mbolea, ili madini yatiririke kwenda chini. Yalitiririka kweli, na amonia nayo ikatiririka hadi mitoni. Mwaka 2012 serikali ya Uchina ilikadiria kuwa kusafisha uharibifu wa Jiangxi peke yake kungegharimu Yuan bilioni 38, kiasi kilichopita kwa mbali faida ya viwanda vya madini hayo mkoani humo.

Malaysia ina kisa kilicho karibu zaidi na sisi, kwa kuwa kinahusu monazaiti, jiwe ambalo liko Mrima pia. Katika kijiji cha Bukit Merah, karibu na Ipoh, kiwanda kilianza miaka ya 1980 kusafisha monazaiti iliyotokana na mabaki ya migodi ya bati. Monazaiti hubeba thoriamu, nayo thoriamu ina mionzi. Mwaka 1985 wanakijiji walikwenda mahakamani. Mwaka 1992 mahakama kuu ikaamuru kiwanda kifungwe, uamuzi huo ukatenguliwa kwa rufaa mwaka uliofuata, na mwaka 1994 kampuni yenyewe ikafunga. Usafishaji wa eneo hilo uliendelea kwa miaka mingi na kugharimu takriban dola milioni 100. Wala hiyo si bei ya mlima. Ni bei ya kufagia baada ya karamu ya watu wengine.

Njia mpya: nini kimebadilika

Sasa tuingie kwenye habari njema, maana ipo, na ni haki watu waijue.

Ya kwanza ni umeme badala ya mafuriko ya amonia. Wataalamu wa Taasisi ya Jiokemia ya Guangzhou, Uchina, walichomeka elektrodi ardhini na kupitisha mkondo wa umeme kwenye ule udongo wa mfinyanzi. Mkondo huo huvuta madini yaende upande mmoja, hivyo dawa kidogo inatosha. Katika matokeo waliyoyatangaza mwaka 2022, madini yaliyopatikana yalikuwa mara 2.6 ya njia ya kawaida, dawa ilipungua kwa asilimia 80, na uchafu wa metali nyengine kwa asilimia 70. Baadaye waliijaribu kwa kipimo kikubwa zaidi. Lakini sikiliza vizuri: njia hii ni ya madini yaliyojishikiza juu juu kwenye udongo. Sehemu kubwa ya madini ya Mrima imefungwa ndani ya chembe kama monazaiti. Mtu akija Kwale akatuonyesha picha za majaribio ya Guangzhou, tumwambie kuwa huo ni mlima mwengine.

Ya pili ni kuwatuma viumbe wadogo. Wako bakteria, wa jamii moja na wale wanaotengeneza siki, ambao ukiwapa sukari hutoa asidi laini. Maabara ya Taifa ya Idaho, Marekani, na washirika wake wameitumia asidi hiyo kuyeyusha madini adimu kutoka kwenye taka za viwanda, bila tanuri na bila asidi kali. Kasoro yake mtu wa Pwani ataielewa upesi: sukari ni ghali. Katika hesabu zao, fungu kubwa la gharama lilikuwa chakula cha hao bakteria.

Viumbe hao wanasaidia pia kwenye ile hatua ya tatu ya kutenganisha. Mwaka 2018 Joseph Cotruvo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Penn State walitangaza kupata protini ndani ya bakteria mmoja, inayoshika madini adimu na kuacha metali nyengine zipite. Wakaiita lanmodulini. Mwaka 2023 wakaeleza nyengine, ya bakteria aliyepatikana kwenye machipukizi ya mti wa mwaloni, inayoweza kupambanua neodimiamu na disprosiamu kwa mpito mmoja. Protini hiyo hubandikwa kwenye punje ndogo, punje hujazwa ndani ya bomba, na maji yenye madini hupitishwa humo katika joto la kawaida. Hakuna mafuta ya kukoroga wala msururu wa mamia ya matangi. Ni kazi ya maabara bado, ila inagusa hatua iliyokuwa chafu zaidi.

Ya tatu ni moto mkali lakini wa mara moja. Katika Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, timu ya James Tour iliweka majivu ya makaa ya mawe kati ya vijiti viwili vya umeme, ikapitisha mkondo wa ghafla. Joto lilifika karibu nyuzi 3,000 kwa muda wa sekunde moja tu. Ganda la kioo linalofunika madini likapasuka, na baada ya hapo asidi dhaifu ilitosha kutoa takriban mara mbili ya yale yaliyokuwa yakitoka. Mwaka 2022 walikadiria umeme wa kilowati-saa 600 kwa tani moja ya majivu. Tofauti yake na tanuri ni kama tofauti ya kuwasha kibiriti na kukesha na jiko la mkaa.

Ya nne haina mlima kabisa: kurudisha sumaku za zamani. Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kimeendeleza njia ya kutumia gesi ya haidrojeni. Sumaku iliyomo ndani ya kifaa kibovu huinywa gesi hiyo, huvimba na kujipukutisha kuwa unga, bila kuyeyushwa na bila asidi. Unga huo huweza kufinyangwa kuwa sumaku mpya moja kwa moja, yaani hatua zote nne za juu zimerukwa. Ndiyo maana wengi huiona kuwa ndiyo inayookoa nishati zaidi ya zote. Lakini Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipopima mwaka 2011, chini ya asilimia moja ya madini adimu ndiyo iliyokuwa ikirudishwa. Sumaku nyingi zinaishia jaani, pamoja na simu na mashine mbovu tunazotupa sisi.

Ya tano ni kukamua chicha mara ya pili. Mama yeyote wa Pwani anajua kuwa nazi haimaliziki kwa tui la kwanza. Kule Phalaborwa, Afrika Kusini, yako marundo mawili makubwa ya jasi, takriban tani milioni 35, yaliyobaki baada ya miaka mingi ya kutengeneza asidi ya fosforiki. Ndani yake mna madini adimu ambayo tayari yameshapikwa kwa asidi na joto wakati huo. Kampuni ya Rainbow Rare Earths inapanga kuyatoa bila kuchimba, bila kusaga na bila kupika upya. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na mgodi wa Gakara nchini Burundi, ambao serikali ya huko iliusimamisha mwaka 2021. Tuzingatie mwelekeo huo: kutoka kupasua mlima, kwenda kuosha rundo lililokwisha pasuliwa.

Kwa ile hatua ya nne ya metali, watafiti wanajaribu chumvi za kloraidi badala ya floraidi. Zinayeyuka kwa joto la chini zaidi na hazina florini ya kutengeneza zile gesi mbaya. Klorini inayotoka nayo ni sumu, ila inaweza kukamatwa na kutumiwa tena humohumo kiwandani.

Kisichoondoka

Katika njia zote hizo, kuna mgeni mmoja asiyeaga: thoriamu. Huwezi kuichoma ikaisha, huwezi kuipa bakteria waile. Nusu ya thoriamu iliyopo leo itakuwa bado ipo baada ya miaka bilioni 14. Ikiwa ndani ya jiwe imetulia kiasi. Ukilisaga jiwe na kuliyeyusha, thoriamu inafunguliwa na kwenda pahali: kwenye vumbi, kwenye maji, au kwenye shimo lililojengwa kwa ajili yake. Teknolojia safi hupunguza moto, asidi na gesi. Shimo la thoriamu halipunguzwi na teknolojia bali linahitaji kujengwa vyema, kulindwa na kulipiwa kwa miaka ambayo sote hatutakuwepo.

Na Mrima ina thoriamu. Wanasayansi wamepima mionzi ya asili kwenye kilima hicho kwa miaka mingi na kuikuta iko juu. Juu yake kuna msitu uliohifadhiwa, na kwa Wadigo ni kaya, mahali pa heshima tangu enzi za mababu. Sisemi haya kumtia mtu hofu ya kukaa kwake. Nasema kilima kilichotulia si sawa na kilima kilichosagwa.

Nini kinatuhusu sasa

Wako watakaosema mambo haya ni ya maprofesa. Sivyo. Kumbukeni leseni ya Mrima ilivyoishia. Ilitolewa mwaka 2013, ikafutwa mwaka huohuo, na kampuni ikaishtaki Kenya mbele ya mahakama ya usuluhishi ya kimataifa ikidai fidia kubwa. Mwaka 2018 majaji waliikataa kesi, na sababu kubwa ilikuwa kwamba leseni hiyo haikuwa halali tangu mwanzo, kwani masharti ya sheria, ikiwemo tathmini ya mazingira, hayakuwa yametimizwa. Karatasi ambayo wengi wetu huiona ni ya kujaza kabati ndiyo iliyoiokoa nchi.

Tena wanaotazama ukanda huu si wageni kabisa. Mgodi wa titani wa Kwale ulipokuwa ukikaribia kufunga kazi mwishoni mwa 2024, kampuni mama yake ya Australia ilinunuliwa na Energy Fuels ya Marekani. Mradi uliokuwa na uzito katika ununuzi huo ni wa Toliara, Madagascar, ambako mchanga una monazaiti. Mzigo huo unakusudiwa kusafirishwa hadi kiwanda chao cha Utah, chenye leseni ya kushughulikia vitu vya mionzi. Kwa hivyo hata swali la kama usafishaji ufanyike hapa au ng'ambo si la nadharia. Ukifanyika hapa, tunapata ajira na ujuzi, na tunabaki na thoriamu. Ukifanyika kwengine, tunabaki na shimo na tope, na faida kubwa inasafiri.

Sheria ya Madini ya 2016 inasema jamii inayoishi penye mgodi ipate asilimia 10 ya mrabaha, kaunti 20, serikali kuu 70. Wengi wetu tunaishia hapo, tunagombania hiyo 10. Mimi naona kabla ya asilimia kuna maswali matano ambayo kila baraza la Lunga Lunga, Msambweni na Kwale nzima linapaswa kuyajua kwa moyo:

Moja, jiwe litavunjwa kwa njia gani, asidi na tanuri au nyengine, na njia hiyo imeshafanya kazi wapi nje ya maabara?

Mbili, maji yatatoka wapi, na mangapi yatarudishwa kiwandani? Mgodi wa Mountain Pass, California, ulivujisha maji machafu jangwani miaka ya 1990. Ulipofunguliwa upya uliacha mabwawa ya tope na sasa hukausha taka zake na kurudisha maji mengi. Inawezekana, basi wasituambie haiwezekani.

Tatu, umeme utatoka wapi? Kiwanda cha umeme safi kikiendeshwa kwa jenereta za dizeli ni maneno matupu.

Nne, thoriamu itakaa wapi, nani ataipima, na pesa za kuilinda zitawekwa mapema mikononi mwa nani? Tuna NEMA, na tuna Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Majibu yao yaandikwe na yasomwe hadharani kwa Kiswahili.

Tano, visima vya jirani vitapimwa lini? Jibu sahihi ni kabla ya tingatinga la kwanza kufika, ili kesho pasiwe na ubishi kuwa uchafu ulikuwepo tangu zamani.

Dini yetu imetufunza kuwa ardhi ni amana, na kujinufaisha kwa kumdhuru jirani si faida. Hilo halina maana ya kufunga milango milele. Dunia inahitaji sumaku hizi ili iache dizeli, na Pwani ina haki ya kunufaika na kilicho chini ya miguu yake. Lakini njia safi haiji kwa hisani ya mwekezaji. Huja kwa sababu wenye mlima wanaijua, wameiuliza kwa jina lake, na hawatii saini mpaka wajibiwe. Mrima haiendi popote. Kila mwaka unaopita, njia za kuyatoa madini yake zinazidi kuwa nafuu na safi, kwa hivyo mwenye haraka hapa si sisi.